Blackett: Baharia Aliyepigana Vita kwa Hesabu

Wanapotajwa mashujaa wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aghalabu hutajwa majemadari, marubani na askari walioshika bunduki. Ni nadra kutajwa mtu aliyekaa mezani na kalamu na karatasi, akauliza maswali ambayo wakubwa waliyaona kuwa ya kitoto. Leo nataka kuwasimulia wasomaji wangu habari za mtu mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Patrick Blackett, Mwingereza, aliyefariki mwaka 1974. Wataalamu wengi humwita baba wa utafiti wa shughuli, elimu iliyozaliwa vitani, na ambayo vita vilipokwisha iliingia katika ofisi za serikali ikazaa kazi iitwayo hivi leo uchambuzi wa sera.

Mimi si mwanahesabu. Hesabu ya kwanza niliyoiheshimu ni ile niliyofunzwa chuoni, nayo ni hesabu ya mirathi: fungu la mke, fungu la binti, fungu la mama na la ndugu. Hapo ndipo nilipojua kwamba tarakimu si kitu kikavu. Ukikosea sudusi moja, umekula mali ya yatima. Nilipoyasoma maisha ya Blackett nilimwona kuwa mtu wa mwendo huo huo, anayejua kwamba nyuma ya kila tarakimu mna roho za watu, na kwamba mwenye kuhesabu amebeba amana.

UTOTO NA UBAHARIA

Blackett alizaliwa London tarehe 18 Novemba 1897. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hisa. Mtoto huyo alipenda kuunda vyombo vidogo vidogo vya redio na mifano ya ndege, lakini wazazi wake walimtoa akasomee ubaharia wa kivita. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 12, aliingia shule ya wanamaji ya Osborne, kisha akapelekwa Dartmouth. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka Agosti 1914, alikuwa bado hajatimiza miaka 17, naye akapelekwa baharini pamoja na wenzake.

Mambo aliyoyaona huko si ya mtoto. Desemba 1914 alikuwa ndani ya manowari Carnarvon katika vita vya visiwa vya Falkland. Mwisho wa Mei 1916 alikuwa ndani ya manowari Barham katika vita vya Jutland, ambapo Waingereza na Wajerumani walikutana na manowari zao kubwa kubwa, na maelfu ya mabaharia wakaangamia kwa siku moja. Barham yenyewe ilipigwa. Kijana huyo alitoka hai, na akatoka na jambo moja moyoni: alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mizinga ya Waingereza haikulenga kama ilivyosifiwa. Sifa ni kitu kimoja na shabaha ni kitu kingine.

Januari 1919 serikali iliwapeleka maofisa vijana wa wanamaji katika chuo kikuu cha Cambridge, wakamalizie masomo waliyoyakatiza kwa ajili ya vita. Muda mfupi baada ya kufika, Blackett alikwenda kuitazama maabara ya Cavendish kwa hamu tu ya kujua mahali pa sayansi panafananaje. Aliyoyaona yalimteka. Haukupita muda akauacha ubaharia, akashika elimu, na mwaka 1921 akahitimu.

PICHA 23,000

Mkuu wa maabara ile alikuwa Ernest Rutherford, mtaalamu mkubwa wa mambo ya atomu. Rutherford alikwisha kuonyesha kwamba atomu ya naitrojeni ikigongwa na chembe ndogo ziendazo kasi, hubadilika. Lakini hapana aliyekuwa ameliona jambo hilo kwa macho. Blackett akapewa kazi ya kulipiga picha, kwa kutumia chombo chenye hewa ya unyevu ambamo chembe ikipita huacha mstari wa ukungu, kama vile jahazi liachavyo mkondo wa povu nyuma yake.

Akatengeneza chombo cha kupiga picha chenyewe, akakaa nacho. Alipiga picha 23,000 hivi, na ndani yake mkawa na mistari zaidi ya 400,000. Katika mistari yote hiyo, ni 8 tu iliyokuwa na umbo lile lililotafutwa. Nane katika laki nne! Mwenye pupa angaliiacha kazi hiyo baada ya picha mia ya kwanza. Kazi hiyo, pamoja na uchunguzi wake wa baadaye juu ya miale itokayo anga za juu, ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1948.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi. Watu hudhani kwamba Blackett aliingia vitani akiwa na akili ya ajabu ambayo wengine hawakuwa nayo. Sivyo. Aliingia na subira ya kuhesabu, na tabia ya kutoamini jambo mpaka alipime.

MIZINGA NA MADAI

Tangu mwaka 1935 Blackett alikuwa mjumbe wa kamati ya wanasayansi iliyoshughulikia ulinzi wa anga wa Uingereza, kamati iliyoiunga mkono rada tangu uchanga wake. Agosti 1940, ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiishambulia Uingereza, alikwenda kumshauri Jenerali Frederick Pile, mkuu wa mizinga ya kutungulia ndege. Akakusanya kundi la wataalamu ambao watu waliwacheka. Walikuwamo wataalamu wa viungo vya mwili, wanahesabu, wanafizikia, mtaalamu wa nyota na mpimaji ardhi. Askari wakaliita kundi hilo sarakasi ya Blackett.

Sarakasi hiyo haikuleta silaha mpya hata moja. Ilikwenda ilipo mizinga, ikatazama kazi inavyofanywa kweli, ikaandika na kuhesabu. Iligundua, kwa mfano, kwamba rada za kulengea zilikuwa chache kuliko makundi ya mizinga. Basi ikashauri mizinga ikusanywe palipo na rada. Mwanzoni mwa mashambulizi yale, kila ndege moja ya adui iliyoanguka ilikuwa imegharimu makombora kiasi cha 20,000. Ilipofika kiangazi cha mwaka 1941 hesabu ilishuka hadi 4,000.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ambacho sisi watu wa pwani tutakipenda. Ilionekana katika daftari kwamba mizinga iliyopangwa ufuoni ikiangusha ndege mara mbili zaidi kwa kila kombora kuliko mizinga ya bara. Wataalamu wakakuna vichwa. Je, rada huona vyema zaidi juu ya maji? Au marubani wa adui hawajihadhari wakiwa baharini? Dhana zikazidi dhana. Mwisho jibu likapatikana, nalo lilikuwa jepesi. Ndege iliyodaiwa kuangushwa bara ilitafutwa mabaki yake, na yasipoonekana dai likafutwa. Iliyodaiwa kuangushwa baharini, nani angekwenda kuitafuta? Bahari haitoi ushahidi. Basi kumbe mizinga ya pwani haikuwa hodari zaidi. Madai yake tu ndiyo yaliyokuwa hayakaguliwi.

Mimi naona kisa hiki kina faida kuliko vitabu vingi. Kabla hujaeleza kwa nini tarakimu ni kubwa, kwanza uliza imeandikwaje, na nani aliyeihakikisha.

BAHARI YA ATLANTIKI

Machi 1941 Blackett alihamia katika kikosi cha ndege za kulinda pwani, na mwanzoni mwa mwaka 1942 akaingia katika makao makuu ya wanamaji. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikinyongwa na nyambizi za Wajerumani. Chakula, mafuta na silaha vilivuka Atlantiki kwa merikebu, na merikebu zilizamishwa kwa mamia.

Ndege zilizowinda nyambizi zilidondosha mabomu yaliyotegwa yalipuke kwenye kina cha futi 100. Sababu ilionekana ya akili: nyambizi ikiona ndege huzama, na kwa muda ule yakadiriwa itakuwa imefika kina hicho. Mwanafizikia E. J. Williams, mwenzake Blackett, akayatazama mambo upya. Nyambizi iliyowahi kuzama kina hicho, alisema, imekwisha kupotea machoni, wala rubani hajui ilipo. Iliyo rahisi kupigwa ni ile ambayo bado i juu au karibu na juu, na hiyo ndiyo inayosalimika, kwa kuwa bomu hulipuka chini yake mbali. Akashauri mabomu yategwe yalipuke futi 25. Silaha ni ile ile na marubani ni wale wale, lakini nyambizi zilizozama ziliongezeka sana, hata Wajerumani wakadhani kwamba Waingereza wamevumbua baruti mpya.

Siku nyingine likaulizwa swali la rangi za ndege. Ikajulikana kwamba zilipakwa nyeusi, kwa vile zilikuwa za namna ya zile zilizotumika kupiga mabomu usiku. Lakini sasa zilikuwa zikiruka mchana chini ya mawingu meupe, na mtu aliye juu ya nyambizi aliziona mapema akakimbilia chini. Zikapakwa rangi nyeupe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Swali kubwa zaidi lilikuwa la misafara. Merikebu za mizigo zilikwenda kwa makundi, zikizungukwa na manowari za ulinzi. Wakubwa wa wanamaji waliamini kwamba kundi dogo ndilo salama, na kwamba msafara wa merikebu zaidi ya 60 ni hatari. Blackett na wenzake walipozipitia kumbukumbu waliona kinyume. Misafara iliyokuwa na merikebu chini ya 40 ilipoteza kwa wastani merikebu 2.5 katika kila 100. Iliyozidi 40 ilipoteza 1.1 tu.

Kwa nini? Chukua mfano wa uzio wa makuti. Kiwanja cha hatua 10 kwa 10 chataka uzio wa hatua 40. Kiwanja cha 20 kwa 20 kina nafasi mara nne, lakini uzio wake ni hatua 80, yaani mara mbili tu. Ndivyo ilivyo misafara. Na kwa kuwa manowari za ulinzi hukaa mbali kidogo na merikebu, tofauti huzidi kupungua. Msafara wa merikebu 80 ulikuwa na mzunguko wa kulindwa ulioushinda ule wa merikebu 40 kwa sehemu moja tu katika saba. Tena msafara mkubwa haukuonekana kwa urahisi zaidi kuliko mdogo, na nyambizi iliyofaulu kupenya ilizamisha idadi ile ile, kundi liwe dogo au kubwa. Basi ukichanganya misafara miwili kuwa mmoja, umewapata walinzi wengi zaidi, na hasara haikuongezeka.

Blackett hakulitoa shauri hilo mpaka alipojiuliza kama yeye mwenyewe angekubali kuwatia jamaa zake katika msafara mkubwa kuliko mdogo. Alipoona kwamba angekubali, ndipo aliposema. Mwaka 1943 wanamaji walilifuata. Mwezi Mei mwaka huo Wajerumani walipoteza nyambizi zaidi ya 40, wakaziondoa nyingi katika Atlantiki ya kaskazini. Mwaka 1944 ulivuka msafara wa merikebu zaidi ya 160.

Na asidhani msomaji kwamba mambo haya yalikuwa ya mbali nasi. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Februari 1944 msafara wa merikebu 5 za askari uliondoka hapo hapo Kilindini kwenda Colombo, ukilindwa na manowari 3 tu. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldive, nyambizi ya Kijapani iliipiga merikebu Khedive Ismail, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo vijana wengi wa jeshi la mizinga la Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Manowari zililazimika kuidondoshea nyambizi mabomu hali ya kuwa walionusurika wangali wakiogelea, kwa hofu ya merikebu zilizobaki. Huo ndio uzito wa hesabu za bahari. Ni chungu, na hakuna mizani itakayoifanya tamu.

SHAURI LILILOKATALIWA

Sasa nafika mahali ambapo Blackett alishindwa, na kwangu mimi hapo ndipo alipokuwa mkubwa zaidi.

Mwanzo wa mwaka 1942 Uingereza ilikuwa ikishauriana juu ya matumizi ya ndege zake kubwa. Lord Cherwell, mwanasayansi aliyekuwa mshauri wa karibu wa Waziri Mkuu Winston Churchill, alimpelekea hesabu zilizoonyesha kwamba ndege hizo zikipiga miji ya Ujerumani zaweza kubomoa nyumba za watu wengi hata theluthi moja ya wananchi wakose pa kulala, na moyo wa taifa lile uvunjike. Blackett alizikagua hesabu hizo akasema zimezidishwa kiasi cha mara sita. Mwenzake Henry Tizard, akihesabu peke yake, alisema mara tano. Isitoshe, uchunguzi wa picha wa mwaka 1941 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba kati ya ndege zilizodhani zimepiga shabaha, ni moja tu katika tatu iliyofika ndani ya maili 5 ya mahali penyewe.

Blackett alitaka ndege za masafa marefu zipewe kazi ya kulinda misafara. Alikadiria kwamba ndege moja ya namna ya Liberator, ikiruka kutoka Iceland, katika maisha yake ya safari 30 hivi huokoa merikebu zisizopungua 6. Ndege hiyo hiyo ikitumwa Berlin ingeua watu wachache, wanaume, wanawake na watoto, na kubomoa nyumba kadhaa. Kwa nini basi iende Berlin?

Hakusikilizwa. Katika ofisi za wakubwa ilinong'onwa kwamba anayezitilia shaka hesabu za Cherwell ni mtu wa kukatisha tamaa. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Miji ikapigwa kwa miaka mitatu. Raia wa Ujerumani waliokufa kwa mabomu ya angani walifikia mamia ya maelfu, na marubani na mabaharia wa anga wa kikosi cha Uingereza cha kupiga mabomu waliokufa walizidi 55,000. Uchunguzi uliofanywa na Wamarekani baada ya vita ulionyesha kwamba utengenezaji wa silaha wa Ujerumani uliendelea kupanda hata katikati ya mwaka 1944, wala moyo wa wananchi haukuvunjika kama ilivyoahidiwa. Miaka mingi baadaye Blackett aliandika kwamba jambo hilo lilimuuma kama kushindwa kwake binafsi, akiwaza labda angalisema kwa nguvu zaidi.

Tazama, msomaji: pande zote mbili zilikuwa na wanasayansi, na pande zote mbili zilikuwa na tarakimu. Upande mmoja ulihesabu ili ujue. Upande wa pili ulikuwa umekwisha kuamua, ukatafuta hesabu ya kuupamba uamuzi wake.

KUTOKA VITANI HADI SERIKALINI

Vita vilipokwisha, elimu hii haikuvua nguo za kijeshi ikalala. Nchini Uingereza iliingia katika viwanda vya chuma na katika migodi ya makaa ya mawe iliyotwaliwa na serikali mwaka 1947. Mwaka 1948 wenye elimu hiyo waliunda chama chao London, na jarida lao lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1950, Blackett alikuwa miongoni mwa walioliandikia. Yeye mwenyewe alirudi katika fizikia, akachunguza usumaku wa mawe ya kale, kazi iliyosaidia kuthibitisha kwamba mabara husogea.

Elimu ilipata mbawa zaidi Marekani. Huko jeshi la anga lilianzisha mwaka 1946 mradi wa RAND, uliogeuka shirika la kujitegemea mwaka 1948, katika mji wa Santa Monica. Wataalamu wa RAND walilipanua swali. Blackett na wenzake walikuwa wakiuliza: silaha hizi tulizonazo, tuzitumieje vyema? Wao wakauliza: je, tununue silaha gani, kwa fedha ngapi, na kwa madhumuni gani? Hapo wachumi wakaingia pamoja na wanafizikia. Mwaka 1961 Robert McNamara alipokuwa Waziri wa Ulinzi alimchukua Charles Hitch, mchumi wa RAND, akapange bajeti ya jeshi kwa njia hiyo: kila fedha ioneshe inatumikia lengo gani, na kila lengo lipimwe na njia nyingine za kulifikia. Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson aliamuru wizara na idara nyingine zifanye vivyo hivyo. Hivyo hesabu ya mabomu ikawa hesabu ya shule, hospitali na barabara, na vyuo vikaanza kufundisha uchambuzi wa sera kuwa fani kamili.

Faida zilipatikana, hilo halikanushiki. Hata hivyo ugonjwa wa zamani ulirudi. Katika vita vya Vietnam, maofisa wa McNamara walipima ushindi kwa idadi ya maiti za adui, na waliohesabu maiti walijua idadi gani inawapendeza wakubwa. Madai hayakukaguliwa, kama yale ya mizinga ya ufuoni. Mjini New York, taasisi iliyoanzishwa na RAND pamoja na serikali ya mji mwaka 1969 ilitengeneza hesabu za kuonyesha vituo vipi vya zimamoto vyaweza kufungwa. Baadhi ya vilivyofungwa vilikuwa katika mitaa ya maskini ambamo moto ulikuwa ukiwaka kila siku, na hadi leo wapo wanaoulaumu uamuzi ule. Mwaka 1971 amri ya Johnson juu ya bajeti za wizara za kiraia iliachwa, kwa kuwa karatasi zilizidi na faida haikuonekana sawasawa na taabu. Ila uchambuzi wenyewe ulibaki.

Blackett alikwisha kuonya mapema. Mwaka 1948 alitoa kitabu juu ya matokeo ya kivita na kisiasa ya nguvu za atomu, akipinga fikira za serikali yake na za Marekani, na kwa sababu hiyo akatengwa na ushauri wa serikali kwa miaka mingi. Mwaka 1961 aliwaandama wataalamu waliokuwa wakipiga mahesabu ya vita vya nyuklia. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Utafiti wa wakati wa vita ulisimama juu ya mambo yaliyotokea: misafara iliyopita, merikebu zilizozama, makombora yaliyopigwa. Vita vya nyuklia vya nchi mbili havijatokea. Basi mwenye kuvihesabu anahesabu dhana zake mwenyewe, kisha anazivika joho la yakini.

NCHI MASKINI

Januari 1947 Blackett alikwenda Delhi katika mkutano wa wanasayansi, na Jawaharlal Nehru akamwomba ushauri juu ya ulinzi wa India, iliyokuwa ikikaribia uhuru. Katika ripoti yake ya mwaka 1948 aliishauri nchi hiyo isishindane na mataifa makubwa kwa silaha za gharama, bali ipime haja yake halisi na uwezo wa mfuko wake. Alirudi huko mara nyingi. Mwaka 1957 mjini Dublin, akiwa rais wa chama cha Uingereza cha kuendeleza sayansi, aliwakabili wasomi wenzake na habari za pengo baina ya mataifa tajiri na maskini. Alieleza kwamba nchi maskini hazikosi uvumbuzi. Mambo mengi zinazohitaji yanajulikana tayari, na zinachokosa ni mtaji wa kuyatumia. Sayansi, kwa rai yake, haikuwa hirizi ya kuvalishwa nchi maskini ikaamka asubuhi imetajirika.

Serikali ya Harold Wilson ilipoingia madarakani mwaka 1964 ilimwita tena ashauri juu ya wizara mpya ya teknolojia. Kuanzia 1965 hadi 1970 alikuwa rais wa Royal Society, na mwaka 1969 akapewa cheo cha Lord. Alifariki London tarehe 13 Julai 1974, akiwa na umri wa miaka 76.

Hivi leo hakuna serikali, kubwa au ndogo, isiyokuwa na wachambuzi wake. Kila mradi huja na tarakimu zake, na mwananchi aliyeelezwa kwamba hospitali itahamishwa au barabara itapita kwingine huonyeshwa jedwali, akanyamaza. Kwa maoni yangu, maisha ya Blackett yanamfundisha mwananchi huyo asinyamaze. Aulize mambo matatu ambayo baharia yule hakuacha kuyauliza. Hesabu hii imetokana na yaliyotokea, au na yaliyodhaniwa? Nani ameyakagua madai yake? Na aliyeiandika, alihesabu kabla ya kuamua au baada yake?

Maswali hayo hayahitaji chuo kikuu. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kugawa mirathi mbele ya mwalimu wake anaweza kuyauliza, na wenye warithi wana haki ya kujibiwa.